Uliza Fundi: Wavu wa inoksi na kutu inayoanzia kwenye fundo

Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia kitu kimoja: wavu wa inoksi wa kuchomelewa, ule wa miraba ambao nyaya zake hazikusukwa bali zimeunganishwa kwa moto kila zinapokutana, mahali tunapopaita fundo. Watu wanaanikia samaki, wanafugia sungura, wanakinga mikanda ya mashine. Malalamiko nayo yanafanana, kwamba inoksi ya siku hizi inashika kutu. Mara nyingine inoksi yenyewe haina kosa, mara nyingine haikuwa inoksi tangu mwanzo. Haya ndiyo majibu yetu.

Nilinunua mita nne za wavu Birere na muuzaji akaniapia kwamba ni inoksi. Miezi mitatu haijaisha, kila fundo limeota doa la kahawia, ingawa katikati ya mafundo waya bado unang'aa. Sumaku inashika kidogo. Nimeibiwa? (Mama muuza samaki, Goma)

Si lazima uwe umeibiwa, Mama. Doa likianza kwenye fundo na waya ukabaki safi, chanzo kitafute kwenye fundo.

Inoksi ni chuma kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi hiyo ikikutana na hewa hutengeneza ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza inajirudisha yenyewe, mradi hewa ifike na pawe pasafi. Sasa, kiwandani kila makutano ya nyaya mbili hubanwa kati ya ncha za shaba, umeme mkali unapitishwa kwa muda mfupi sana, nyaya zinalainika na kuzamiana. Moto huo huacha kivuli cha manjano, kahawia au buluu kuzunguka fundo, na chini ya kivuli hicho kromi imepungua. Kiwanda makini huuosha wavu kwa asidi baada ya kuchomelea ili kuondoa tabaka hilo. Kiwanda chenye haraka hakiuoshi. Tena nyaya mbili za mviringo zikigusana huacha ufa mwembamba pembeni, na maji ya chumvi ya samaki hujificha humo wakati waya mwingine wote umeshakauka.

Sumaku kushika kidogo si ushahidi wa wizi. Inoksi namba 304, yenye kromi karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8, ikiwa bamba haivutwi na sumaku. Lakini waya hutengenezwa kwa kuvutwa baridi kupitia matundu yanayozidi kuwa membamba, na kule kuvutwa kunaupa usumaku kidogo. Sumaku ikidaka kwa nguvu kama inavyodaka msumari, hapo una chuma kilichopakwa zinki au inoksi namba 430 isiyo na nikeli.

Ya kuogopwa zaidi ni namba 201. Nikeli yake imepunguzwa hadi kati ya asilimia 3.5 na 5.5, na pengo limejazwa manganizi. Inang'aa sawa na 304, sumaku haiwezi kukutenganishia, na kwenye chumvi inaota kutu mapema. Kabla ya kulipa, omba kipande chenye mafundo sita hivi ukipime.

Kwanza, shika waya mmoja kwa koleo na uuzungushe ule uliochomelewa juu yake. Fundo zima litaufanya waya upinde kabla ya kuachia. Fundo bovu linaruka kama kijiti cha kiberiti, na ukilitazama utaona alama ndogo inayong'aa tu mahali nyaya zilipogusana, bila shimo la kuzamiana.

Pili, kwaruza waya kwa msumeno na udondoshee maji yenye mrututu, ile dawa ya buluu ya shaba inayotumiwa mashambani. Subiri dakika sita. Chuma cha kawaida kitavaa rangi nyekundu ya shaba, zinki itageuka nyeusi, inoksi itabaki ilivyo. Kipande hicho kitupe, kisirudi kwenye chakula, kwa sababu mrututu ni sumu.

Tatu, kwa kutenga 201 na 304, osha kipande kingine kwa sabuni, kifunge kwenye kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa glasi, na ukiweke kibichi siku tatu hadi nne. Zinki hutoa unga mweupe. Namba 201 na 430 kwa kawaida huonyesha vidoa vya kahawia. Namba 304 iliyooshwa vizuri haionyeshi kitu, au inaonyesha kidogo sana.

Wavu ulio nao usiutupe bado. Sugua kila fundo kwa brashi ya nyaya za inoksi, kamwe si brashi ya chuma cha kawaida. Kisha uzamishe dakika 20 hadi 30 kwenye maji ya uvuguvugu yenye unga wa asidi ya ndimu, gramu 100 kwa lita moja, suuza kwa maji mengi na uanike juani. Ukiwa unausuuza kila siku baada ya kazi na bado doa linarudi ndani ya wiki mbili, basi daraja la chuma ni la chini na hakuna dawa.

Duka moja wananiambia "nusu inchi", jingine "milimita 11.5", na bei ziko mbali. Nitajuaje kwamba nalinganisha kitu kile kile? (Msomaji wa Ibanda, Bukavu)

Huenda ni kitu kile kile. Wauzaji wengi hupima kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya unaofuata, na umbali huo ndio hatua. Wengine hupima tundu lenyewe, yaani nafasi tupu. Waya ukiwa na unene wa milimita 1.2 na hatua ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, tundu ni 12.7 kutoa 1.2, sawa na 11.5. Kwa hiyo uliza namba tatu bila kuona haya: unene wa waya, hatua kutoka katikati hadi katikati, na daraja la inoksi. Muuzaji anayejua moja tu kati ya hizo hajui anachouza.

Unene ndipo watu wanapopunjwa, maana jicho halitofautishi milimita 1.6 na 1.4. Kama huna kipimo cha fundi, kata vipande kumi vya waya, vilaze bega kwa bega juu ya rula, soma upana wote kisha ugawe kwa kumi. Vipande vya 1.6 vitafika milimita 16. Vya 1.4 vitaishia 14, na hapo hakuna ubishi.

Rulo zima lipime kwa mizani. Kwa wavu wa miraba sawa, uzito wa mita mraba moja ni 12.5 mara unene mara unene, gawanya kwa hatua, unene na hatua vikiwa kwa milimita na jibu likiwa kwa kilo. Waya wa 1.6 kwenye hatua ya 25.4 unatoa kilo 1.26. Rulo la mita 30 kwa upana wa mita 1 litakuwa karibu kilo 38. Likipimwa likawa kilo 29, umeuziwa waya wa 1.4. Kilo tisa za inoksi ni fedha nyingi, na wavu nao umekuwa dhaifu kuliko hesabu inavyoonyesha, kwa kuwa ugumu wa waya dhidi ya kupinda hushuka haraka kuliko uzito wake.

Uliuliza pia kama wavu wa kuchomelewa ni bora kuliko wa kusuka. Kila mmoja una kazi yake. Wa kuchomelewa haulegei, miraba haitembei, na ukikatwa popote haufumuki. Ila matundu yake kwa kawaida huanzia hatua ya milimita 6 hivi kwenda juu. Kuchekecha unga au kuzuia mbu ni kazi ya wavu wa kusuka.

Nataka kutengeneza vizimba sita vya sungura. Waya wa zinki wa awali ulioza chini kwa miaka miwili. Ninunue inoksi kiasi gani? (Mfugaji, Kadutu, Bukavu)

Papa, kuoza kwa sakafu ndiyo kawaida. Mkojo wa sungura ukichacha hutoa amonia, na unyevu huo wenye chumvi unaila zinki kuanzia kwenye mafundo. Inoksi 304 inastahimili. Lakini kununua inoksi ya kizimba chote ni kupoteza. Weka inoksi sakafuni, ukuta na paa vibaki vya zinki.

Tuchukue kizimba chenye upana wa sentimita 90, kina 60, kimo 45. Kwa sakafu tafuta wavu wenye hatua ya milimita 13 kwa 25 na waya wa milimita 2. Ukikuta wa 1.6 tu, ongeza nguzo chini. Tundu kubwa kuliko hapo linanasa mguu wa mtoto wa sungura, dogo kuliko hapo linazuia mavi kuanguka. Rulo lenye upana wa sentimita 90 ndilo linalokaa sawa: kila sakafu inakula sentimita 60 za urefu, sita zinakula mita 3.6. Nunua 4, maana kila ukatapo unapoteza sehemu ya mraba. Wavu huo una uzito wa karibu kilo 2.9 kwa mita mraba. Mizani nayo ikusaidie hapo.

Kwa sehemu nyingine, wavu wa zinki wa upana huo huo, hatua 25 kwa 50: paa sentimita 60, mbele na nyuma 45 mara mbili, pande mbili zinatoka pamoja kwenye kipande kimoja cha sentimita 60, kwa sababu 45 na 45 ni 90. Jumla mita 2.1 kwa kizimba, 12.6 kwa sita. Chukua 13.5. Sentimita 10 za chini za ukuta ziba kwa ubao au kwa mabaki ya wavu wa sakafu, kwani watoto wa siku chache hupenya kwenye tundu la 25 kwa 50.

Geuza sakafu uitazame vizuri kabla ya kuifunga. Upande mmoja nyaya za juu zimepangwa kila milimita 13, upande mwingine ziko kila milimita 25. Zile za 13 ndizo zikae juu, ziguse nyayo. Sungura akisimama juu ya nyaya zilizotengana anabeba uzito wote kwenye mistari michache, na vidonda vya kisigino vinaanzia hapo. Pitisha kidole kila ukingo uliokatwa: panapokwaruza, piga tupa.

Kosa linaloharibu vizimba vingi ni kufunga sakafu ya inoksi moja kwa moja kwenye ukuta wa zinki. Metali mbili tofauti zikigusana palipo na mkojo, ile dhaifu huliwa kwa kasi, na hapa dhaifu ni zinki. Ukuta upigilie kwenye fremu ya mbao, sakafu iegemee juu ya bomba la plastiki la maji lililokingama kila sentimita 30. Bomba halinyonyi mkojo kama mbao na halileti ugomvi wa metali. Kwa kufungia sakafu tumia waya laini wa inoksi wa milimita 1. Utando mweupe wa mkojo unaogandamana hutoka kwa siki na brashi. Siki haiidhuru inoksi, ila usiimwage kwenye zinki.

Tunachoma na kukausha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa moshi. Wavu wa zinki kwenye mbabula (jiko la makaa) ni hatari kweli? Na ule wa inoksi mbona unapinda kama mgongo wa ng'ombe? (Kikundi cha akina mama, Goma)

Ndiyo, ni hatari, na tunawaomba muuondoe leo. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na makala yaliyokolea hupita hapo kwa mbali. Wavu ulio karibu na makala unachubuka, unatoa moshi mweupe, na moshi huo ukivutwa huleta homa, baridi na kifua kubana saa chache baadaye. Hata bila moto mkali, ndimu, nyanya na chumvi huitoa zinki na kuiweka kwenye samaki. Kuchoma zinki makusudi hadi iishe kisha kupikia, kama wengine wanavyofanya, kunaacha mabaki mafundoni, na moshi wa ile siku ya kuchoma ndio mbaya kuliko wote.

Inoksi 304 inavumilia moto huo. Rangi ya dhahabu na buluu inayotokea ni moto tu, si sumu. Kupinda kuna sababu yake. Inoksi hutanuka zaidi kuliko chuma cha kawaida: mita moja ikipashwa nyuzi 300 inaongezeka milimita 5 na kidogo, chuma cha kawaida 3.6. Ukichomelea wavu pande zote nne kwenye fremu ya chuma cha kawaida, hauna pa kwenda, unavimba juu. Fundo lililo pembeni kabisa ndilo linalokatika kwanza. Ushikizeni upande mmoja tu, pande tatu zilale kwenye kingo zenye nafasi ya milimita 5 zikiteleza. Kwa trei ya mita 1 kwa 0.6 wekeni nguzo mbili za chini kwa ufito wa inoksi wa milimita 6.

Kwa sambaza hatua ya 6.35 yenye waya wa 0.9 inafaa. Tundu linabaki milimita 5.45, moshi unapita vizuri na kichwa cha samaki hakinasi. Pakeni mafuta ya kupikia kwa kitambaa wavu ukiwa wa moto, ndipo mpange samaki. Ngozi itabanduka nzima.

Neno juu ya javeli, yaani dawa ya klorini ya kusafishia. Tangu miaka ya kunawa kwa maji ya klorini, nyumba nyingi za Goma husafisha kila kitu kwa javeli. Kwenye inoksi, klorini inatoboa vishimo vidogo vyeusi ambavyo haviponi. Kama ni lazima kuua vijidudu, tumieni maji mepesi ya asilimia 0.05, dakika 10 zisizidi, kisha suuzeni sana. Kuacha trei ilale usiku ndani ya javeli ni kuizika. Wenye kuweka chumvi nyingi kila siku, kama watengenezaji wa jibini ya Masisi wanaokausha vipande vilivyotoka kwenye maji ya chumvi, walipie namba 316. Ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayopigana na chumvi.

Nikichomelea wavu wa inoksi kwenye fremu, waya unakatika kabla haujashika. Na nikifanikiwa, baada ya mvua mbili pale pana kutu. (Fundi wa Bagira, Bukavu)

Ndugu, inoksi inakunyima njia mbili za kupoza. Inapitisha joto theluthi moja hivi ya chuma cha kawaida, kwa hiyo moto unabaki pale pale ulipogusa. Na inaupinga umeme mara kadhaa zaidi, kwa hiyo inapata moto kwa haraka. Waya wa milimita 1.6 mbele ya bageti (ufito wa kuchomelea) ya milimita 2.5 hauna maisha.

Ushauri wetu kwa waya chini ya milimita 2.5: usichomelee kabisa. Kata ufito bapa wa inoksi, upana milimita 20, unene 3, banisha ukingo wa wavu kati ya ufito huo na fremu, toboa kila sentimita 10 na ufunge kwa skrubu za inoksi za milimita 5. Wavu ukichakaa utaubadilisha bila kuvunja fremu. Kazi inaonekana ya polepole, lakini inadumu kuliko pointi za kuchomelea zilizoungua.

Waya wa milimita 3 kwenda juu unakubali. Chukua bageti 308L za milimita 2, ampea 40 hadi 50. Kama fremu ni chuma cha kawaida chukua 309L, kwa kuwa 308L ikichanganyika na chuma cha kawaida inaweza kupasuka. Kibano cha kurudisha umeme kiweke kwenye fremu karibu na pointi. Kikiwekwa upande wa pili wa wavu umeme utapita kwenye mafundo na kuyapasha. Washa arki juu ya fremu nene, iegemeze kwenye waya nusu sekunde, toka. Ruka pointi tatu, rudi baadaye. Ukifuata mstari mmoja, joto linakusanyika na wavu unajikunja. Tumia bageti kavu, maana zilizolala kwenye sakafu yenye unyevu hutoboa vishimo.

Kutu yako ya baada ya mvua tunaidhania sababu mbili. Ya kwanza ni kile kivuli cha buluu ulichokiacha, tulichokieleza juu. Kisugue hadi chuma kiwe cheupe, kwa brashi ya inoksi au diski laini ya nyuzi. Asidi ya ndimu ifuate, kwani hiyo huondoa chembe za chuma cha kawaida lakini kivuli cha moto haikitoi. Ya pili ni diski. Diski iliyokata bomba la chuma asubuhi ukaikatia inoksi mchana inapachika chembe za chuma, na kutu unayoiona ni ya chembe hizo. Weka kando diski zilizoandikwa kwamba ni za inoksi, zifungie sanduku lake, na cheche za kazi nyingine zisirukie meza hiyo.

Kuna dawa ya kupaka ya kusafishia inoksi yenye asidi hidrofloriki. Inasafisha kweli, lakini tone likipenya kwenye ngozi linaenda hadi mfupani, na maumivu huchelewa. Bila glavu nzito, kinga ya uso, maji tele na jeli yake ya dawa pembeni, usiifungue. Moshi wa inoksi nao una kromi iliyo mbaya kwa mapafu. Fanya kazi nje au penye upepo, uso wako usiwe juu ya moshi.

Tunataka meza za kukaushia kahawa zenye wavu wa inoksi. (Wakulima, Kalehe)

Msinunue, fedha hiyo itumieni kwingine. Kahawa iliyooshwa na kuchujwa maji haina chumvi wala mkojo, na wavu wa zinki wenye hatua ya 25 na waya wa 1.6 utaibeba kwa miaka mingi kama nguzo za kukingama ziko kila sentimita 50. Juu yake tandazeni wavu wa plastiki wenye matundu madogo, maana punje zingepita kwenye matundu ya wavu wa zinki. Tandazeni kahawa unene wa sentimita 3 hadi 4 mwanzoni, na msimwage mzigo wote upande mmoja wa meza. Meza huzama pale mzigo unaporundikwa. Inoksi inafaa kwenye vichujio vya hodhi la kuchachushia, ambako majimaji yana asidi.

Kichujio cha kufyonzea maji kwenye pampu, bomba la milimita 100. Wavu wa 304 utafaa? Maji yana asidi ya salfa kidogo kutoka kazi za shaba. (Fundi bomba, Lubumbashi)

Chagua 316L. Herufi L inaonyesha kaboni isiyozidi asilimia 0.03, na kaboni ndogo inazuia mipaka ya chembe za chuma kupoteza kromi wakati wa kuchomelea. Katika asidi ya salfa nyepesi na baridi, yenye shaba iliyoyeyuka ndani yake, 316L hukaa vizuri. Mabamba ambayo shaba huvunwa juu yake kwa umeme hutengenezwa kwa chuma hicho hicho. Adui ni kloridi: ikiongezeka, au maji yakiwa ya moto, vishimo huanza. Kwenye asidi hidrokloriki, isiwe 304 wala 316.

Sasa ukubwa. Eneo la bomba lako ni sentimita mraba 78.5. Nafasi tupu ya kichujio iwe angalau mara nne ya hapo, yaani 314. Wavu wa hatua 12.7 na waya 1.6 una tundu la 11.1. Gawanya 11.1 kwa 12.7, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.76. Kwa hiyo unahitaji wavu wa sentimita mraba 413 hivi. Ukiukunja kuwa mcheduara wa kipenyo cha sentimita 15, mzunguko ni 47, kimo kinatoka karibu 9. Usiutengeneze wa 9. Tengeneza wa 20, kwa sababu majani na karatasi za plastiki zitaziba nusu kabla hujapata nafasi ya kuusafisha, na pampu inayofyonza kwa shida huanza kunguruma kama inasaga kokoto, kisha feni yake inachimbika. Mshono wa mcheduara uwe wa kupishana miraba miwili, ufungwe kwa waya wa 316, usiwe wa pointi za moto.

Mkanda wa mashine ya kusaga mahindi uko wazi na watoto wanapita. Kizuizi kiwe cha matundu gani? (Mama mwenye mashine, Katindo, Goma)

Mama, tundu na umbali huenda pamoja. Tundu la mraba lenye nafasi ya milimita 20 hadi 30 linaweza kupitisha mkono wa mtoto, kwa hiyo wavu ukae angalau milimita 550 kutoka kwenye mkanda na gurudumu lake. Likiwa kati ya 30 na 40, umbali uwe 900. Kama nafasi ni finyu, shuka hadi tundu lisilozidi milimita 10, ambalo kidole hakiendi mbali: milimita 60 zinatosha. Tazama kwa mbali mkanda unavyocheza mashine ikizunguka, kisha pima ikiwa imesimama, ukihesabu kuanzia pale mkanda unapofika ukicheza. Waya uwe wa milimita 2.5 au zaidi, usirudi nyuma mtoto akiuegemea, na kizuizi kifungwe kwa boliti zinazohitaji spana. Chenye ndoano ya kufungua kwa mkono kitakuwa sakafuni kabla ya jioni. Hapa zinki inatosha, isipokuwa kama mashine inaoshwa kwa maji kila siku.